Kipande cha Maabara

Mume wangu alipopata kazi Maskati, mimi nilibaki Mtopanga, huku Kisauni, na watoto wawili, mama yake mzazi, na kompyuta moja tuliyoifunika leso isiingie vumbi. Watoto na mavyaa nilijua nitawaweza. Kompyuta ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu ndani yake mlikuwa na programu tuliyoiunda wenyewe, na kulikuwa na watu watatu waliokwisha kuinunua na kuitegemea.

Wazo lilikuwa lake. Kabla ya kusafiri alifanya kazi Changamwe, katika ofisi ya kupitisha mizigo ya bandarini. Huko walikuwa na programu iliyonunuliwa ng'ambo, na kila mkubwa wa ofisi alipotaka nyongeza, hata iwe ndogo namna gani, aliitwa fundi kutoka Nairobi, programu nzima ikafumuliwa na kushonwa upya. Wakati huo ofisi hurudi kwenye taipureta. Mume wangu alikaa akiyatazama hayo, kisha akaanza kuja nyumbani na kuchora visanduku kwenye karatasi za kufungia mikate.

Alichotaka ni programu yenye shina moja lisilojua chochote kuhusu dawa, risiti wala wagonjwa. Kazi ya shina ni kuwaka, kutazama mahali pamoja kwenye diski lione kumewekwa vipande gani, kuviamsha, na kuvipatanisha. Mwenye duka la dawa apewe kipande cha dawa na cha risiti. Mwenye zahanati aongezewe cha wagonjwa. Akitaka jambo jingine kesho, analetewa kipande kingine, na vile vya zamani havibanduliwi. Siku hizi vijana huviita plagini. Sisi tuliviita vipande, na mpaka leo nikisikia neno lile jingine huwa nalitafsiri kwanza kichwani.

Mimi nilikuwa nimesoma kompyuta katika chuo kimoja mjini, kisha nikafanya ukarani kabla ya kuolewa. Kipande cha risiti nilikiandika mimi, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, miguu nimeiweka juu ya kiti kwa sababu ilikuwa imevimba. Mume wangu alikikagua, akarekebisha mambo machache, akasema kinafaa. Ukiwasha, skrini ilikuwa nyeusi, halafu mistari ikatoka mmoja mmoja: Dawa, tayari. Risiti, tayari. Wagonjwa, tayari. Tuliandika kwa Kiswahili kwa kuwa wateja wetu walikuwa watu wa hapa: duka la dawa Changamwe, nyumba ya wazazi ya mkunga mmoja hapa Kisauni, na zahanati ya daktari mmoja Likoni.

Kabla hajaondoka alinionyesha namna ya kuweka kipande kipya. Unatia diski, unanakili kipande mahali pake, unazima, unawasha, unasoma skrini. Ukiona neno tayari, kazi imekwisha.

"Na nisipoliona?" nikamwuliza.

"Utaliona," akasema. Alikuwa anafunga sanduku.

Nyumbani hatukuwa na simu. Iliyo karibu ilikuwa ya dukani, na simu ya kwenda Uarabuni ilikuwa jambo la msiba au la harusi. Kwa hiyo tulifanya kama familia nyingine zenye watu wao huko: tulitumiana kaseti. Mavyaa wangu ndiye aliyefungua kila kaseti. Alianza kwa salamu na dua, akaeleza nani kafa, nani kaposwa, nani karudi kwa wazazi wake na kwa sababu gani. Watoto wakasoma sura waliyofundishwa chuoni. Mimi nilipewa mwisho wa upande wa pili, nikazungumza huku nikiuangalia ukanda usikatike.

Majibu yake yalikuja kwa mpango ule ule. Mama kwanza, kwa kirefu, kisha watoto, kisha husema, "Sasa, mama watoto, sikiliza," na hapo habari za programu zikaanza. Tulisikiliza sote ukumbini. Mara ya kwanza nilitaka kuusogeza ukanda mbele ili mavyaa asichoshwe na mambo yasiyomhusu. Akanishika mkono.

"Mwanangu asema. Mwache aseme."

Basi akakaa hadi mwisho, mikono mapajani, akisikiliza habari za shina na vipande kama anavyosikiliza hotuba ya Ijumaa. Sidhani kulikuwa na bibi mwingine Kisauni nzima aliyeyasikia mambo hayo kiasi kile.

Mwaka wa pili wa safari yake, daktari wa Likoni aliajiri mtu wa maabara na kununua hadubini. Bwana huyo wa maabara alikuwa mtu wa bara, mpole, anayevaa koti jeupe hata akienda kununua chai. Daktari alitaka majibu ya vipimo yaingie moja kwa moja penye habari za mgonjwa, kwa sababu vikaratasi vilikuwa vikipotea baina ya vyumba na wagonjwa wakitobolewa vidole mara ya pili. Nikapeleka ombi kwa kaseti. Mume wangu alifurahi. Alisema ofisini kwake mna mashine nzuri kuliko yetu, na wakubwa wake hawakatazi mtu kuitumia baada ya kazi. Atakiandika kipande cha maabara mwenyewe.

Diski ilifika baada ya miezi, imeletwa na jirani aliyekuja likizo, pamoja na haluwa na mafuta ya nywele ya mama. Kesho yake asubuhi nikavuka kwa feri kwenda Likoni. Nikanakili kipande mahali pake, nikazima, nikawasha. Dawa, tayari. Risiti, tayari. Wagonjwa, tayari. Kisha ikaja orodha ya kazi kama kawaida, na maabara haimo. Nikarudia. Nikafuta, nikanakili upya, nikarudia tena. Hakuna lawama, hakuna onyo, kana kwamba sikuleta kitu.

Bwana wa maabara alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hii kitu imeingia ama haijaingia?" akauliza.

"Imeingia. Haijaanza."

"Kuna tofauti?"

Nilimwambia diski huenda imeingia unyevu, nikarudi nyumbani. Lakini diski ilikuwa nzima. Diski zote nilikuwa nikiziweka katika mkebe wa biskuti wenye mchele chini, maana hewa yetu ya chumvi huotesha koga hata kwenye viatu. Nikajaribu kipande kwenye kompyuta yetu: kimya kile kile.

Nikarekodi swali langu, kaseti ikaenda na mtu. Kungoja jibu kulinichosha kuliko kazi yenyewe. Nilivuka feri mara kwa mara kwa mambo mengine, printa imekwama au sista wa mapokezi amesahau neno la siri, na bwana wa maabara alinisalimia vizuri na hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jibu lilipokuja lilikuwa refu. Mume wangu alieleza taratibu, kama mtu aliyewahi kufikiri kuwa angekuwa mwalimu. Kukiweka kipande si kukiamsha, alisema. Kwanza kipande kinawekwa mahali pake, na shina linapowaka linakiona. Pili, shina linasoma kichwa chake. Kila kipande kina mistari michache mwanzoni inayosema jina lake, toleo lake, na vipande gani vingine kinavihitaji ili kifanye kazi. Hapo bado hakijaamshwa, kimesomwa tu. Shina likiona kila kinachohitajika kipo, linakikubali. Ndipo inakuja ya tatu, kukiamsha: linakiita, nacho kinafungua mafaili yake na kushika nafasi yake katika kumbukumbu ya mashine. Kikikosa hata kimoja katika vile kinavyovitaka, kinaachwa kimelala hapo hapo kilipo. Na shina halisemi neno, kwa kuwa mtu wa zahanati hawezi kulifanyia lolote jambo hilo, atatishika bure. Mwisho akaniambia nihakikishe vipande vyote vya zahanati vimo.

Redio ilipozimwa mavyaa alinigeukia. "Kwa hivyo hakiyaamka?"

"Hakijaamka, mama."

"Naye ajua kwa nini?"

"Hakusema."

Vipande vyote vilikuwemo. Nilichokuwa nacho moyoni siku hiyo ilikuwa hasira, na haikuwa kwa sababu ya kipande. Ilikuwa kwa ule uamuzi wa kunyamaza. Mtu wa zahanati hawezi kufanya kitu, sawa. Lakini mimi je? Mimi ndiye niliyesimama pale mbele ya watu sijui la kusema.

Mistari ya shina, yaani maandishi ya programu yenyewe, alikuwa ameniachia nakala yake kwenye ule mkebe. Sikuwa nimewahi kuigusa. Shina lilikuwa lake, mimi nilikuwa mtu wa risiti. Nikaanza kulisoma asubuhi, watoto wakishakwenda shule na kabla sijabandika chungu. Mwandiko wake katika programu ulikuwa kama usemi wake, hapotezi neno, kwa hiyo kila mstari uliruka mambo ambayo kwake yalikuwa wazi. Nilisoma kwa siku kadhaa mpaka nikafika pale shina linapokikagua kipande na kukiruka. Palikuwa padogo. Ikiwa kila kinachohitajika kipo, amsha. Ikiwa hakipo, hakuandika kitu, programu iliendelea na safari yake.

Hapo nikaongeza maneno yangu. Likikiruka kipande, shina liseme jina lake na kilichokosekana. Nikawasha.

Maabara, haijaanza. Inataka Wagonjwa, toleo la pili.

Sisi tulikuwa na toleo la kwanza. La pili sikuwa nimepata kulisikia. Nikavaa buibui nikaenda posta, nikaomba simu ya nje. Nilipompata alishtuka, akauliza mama mzima? Nikamwambia mama mzima, watoto wazima.

"Toleo la pili la Wagonjwa liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo huku," akasema. "Nilikibadilisha kile kipande nilipokuwa naandika Maabara. Nikasahau kwamba ninyi hamna."

Akasema atalituma, nami nikakata simu kwa sababu dakika zilikuwa zinakwenda. Nilirudi nyumbani na lile neno, ninyi. Ndivyo nilipokuwa karani tulivyokuwa tukiwasema wateja.

Alituma kweli, na haraka. Lakini kaseti iliyokuja na diski ilileta jambo la pili. Toleo jipya la Wagonjwa lilihitaji shina jipya, na shina jipya alikuwa amelimaliza, jepesi, linaviita vipande kwa njia nyingine kabisa. Akasema nilitie hilo, na kila kitu kitakwenda. Kuhusu vipande vya zamani, Dawa na Risiti, shina jipya halitavitambua. Ataviandika upya akipata nafasi.

Nikajaribu nyumbani. Wagonjwa, tayari. Maabara, tayari. Iliwaka upesi, na skrini yake ilipendeza. Nikatazama orodha ya kazi: unaweza kupima damu ya mtu, ukaandika majibu, lakini huwezi kumwuzia hata tembe ya kichwa wala kumkatia risiti. Na akipata nafasi, kwa mtu anayefanya kazi Uarabuni, nilijua maana yake.

Nilifikiri juu ya jambo hilo huku nikikuna nazi, nikifua, nikimsuka binti yangu. Sikutaka kusema la kwanza lililonijia. Siku ya kurekodi mavyaa alikuwa kwa jirani kwenye matayarisho ya arusi, nikakaa peke yangu na redio. Nikamwambia mume wangu kwamba sitaliweka shina lake jipya kwa wateja. Toleo lake nimelitazama na ni zuri, lakini huku lingetuvunjia kazi inayokwenda. Kipande cha maabara nitakiandika mwenyewe, kwa shina la zamani.

Lakini kaseti ile haikuwa yangu peke yangu. Mavyaa alikuwa na desturi ya kuisikiliza yote kabla haijatumwa, asije akarudia habari. Aliisikiliza. Ilipofika zamu yangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniita.

"Abee, mama."

"Mume akuletea kitu kutoka ng'ambo, nawe wakirudisha?"

"Sikirudishi, mama. Nakiweka kabatini."

Akainuka akaenda chumbani kwake. Siku nyingi baada ya hapo alizungumza nami mambo ya chakula tu, chumvi na nazi, na kaseti akaifunga mwenyewe na kumpa mtu wa kuipeleka. Lakini hakuifuta.

Kazi ya kuandika ilinichukua muda, kwa sababu sikujua maabara. Nilikuwa nikivuka Likoni mchana, wagonjwa wakiwa wachache, bwana wa maabara ananieleza kazi yake huku akifuta vioo vya hadubini. Nani anaomba kipimo, nani anasoma jibu, damu inaandikwaje, choo kinaandikwaje. Jambo moja alilisisitiza. Jibu likishatolewa lisifutike. Akikosea, aandike la pili chini ya la kwanza, na yote mawili yaonekane.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Daktari ametibu na ile ya kwanza," akasema. "Lazima aone alitibu na nini."

Kipande kilipokamilika nikakiweka kwenye kompyuta yetu, na mashine ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaganda tena. Nilirudi kwenye mistari ya shina nikaona kisa chake. Shina lilisoma mahitaji ya kila kipande, lakini lilipofika kwenye kuviamsha lilifuata alfabeti. Dawa, Maabara, Risiti, Wagonjwa. Maabara ikiamka ilimwita Wagonjwa, na Wagonjwa alikuwa bado amelala. Mume wangu hakuwahi kulikuta tatizo hilo kwa sababu zamani Risiti ndiyo iliyohitaji Dawa, na Dawa kwa bahati iko mbele.

Njia ya mkato ilikuwepo: kukipa kipande jina linaloanza kwa herufi ya mwisho. Nilifanya hivyo, ikaenda, nikaipeleka Likoni kwa majaribio. Bwana wa maabara akasoma skrini, akakunja uso. "Zmaabara ni nini?"

Nikarudi nyumbani kuifanya kwa haki yake. Shina lizunguke kwanza likisoma vichwa vyote, kisha liamshe kile kinachohitajika kabla ya kile kinachokihitaji, hata kama alfabeti inasema vingine. Kazi hii ilinitoa jasho kuliko kipande chenyewe. Nikagundua pia kwamba vipande viwili vikihitajiana, shina litazunguka milele likitafuta pa kuanzia, kwa hiyo nikaliambia livikatae vyote viwili na liseme. Stima ilikuwa ikikatika karibu kila alasiri, nami nikajifunza kuhifadhi kazi kila ninaponyanyua mkono.

Siku niliyokipeleka kipande changu, mistari ilitoka hivi: Dawa, tayari. Wagonjwa, tayari. Maabara, tayari. Risiti, tayari. Bwana wa maabara akavuta kiti, akaandika jibu la kwanza, mtoto wa kike aliyekuwa na homa, vijidudu vya malaria vimeonekana. Kutoka chumba cha pili, penye skrini nyingine ya kompyuta ile ile, sista akasema, "Nimeipata." Ndivyo ilivyokuwa. Bwana wa maabara akaita mgonjwa mwingine, nami nikakaa mpaka adhuhuri kuona kama itaganda. Haikuganda.

Nilipofika nyumbani mavyaa alikuwa anachambua mchele. Hakuniangalia.

"Kimeamka?"

"Kimeamka, mama."

"Kile chake au chako?"

"Changu."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea na mchele wake. Jioni hiyo alinikatia kipande cha ile haluwa ambayo nilidhani imekwisha.

Kutoka Maskati zilikuja kaseti za salamu tu. Alizungumza na mama, alizungumza na watoto, akaniuliza hali, akanitakia heri. Ile "sasa, mama watoto, sikiliza" haikuwemo. Mwanzoni niliona afadhali. Baadaye nikaanza kuingoja kila mara ukanda unapokaribia mwisho, na mavyaa naye nadhani aliingoja, maana alikuwa hanyanyuki mpaka redio imekatika yenyewe.

Likizo yake ilipofika alikuja amekonda, na masanduku mazito. Siku za kwanza zilikuwa za wageni. Kompyuta hakuigusa, na mimi sikumtajia. Halafu asubuhi moja, baada ya chai, akaivua leso, akawasha, akaketi. Mimi nilikuwa mlangoni na kapu la nguo. Nilikuwa nimekiacha kipande chake cha Maabara ndani, cha shina jipya, pamoja na changu, ili nione tofauti, na shina likakitaja: haijaanza, inataka hiki na hiki.

"Nani ameandika hii ya haijaanza?"

"Mimi."

"Watu wataogopa."

"Hawakuogopa. Sista akiiona hunipigia simu pale dukani, ananisomea. Nikivuka feri najua nimebeba nini."

Akafungua mistari ya shina akaanza kusoma. Nikaenda kuanika nguo, nikarudi, bado anasoma. Alipofika kwenye mpango wa kuamsha aliniita nikae.

"Mimi hili nililikwepa," akasema. "Kule nimefanya visiamke kabisa mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo sikuhitaji kujua kipi kitangulie."

Nikamwuliza kama hiyo haimchelewesha mtu anayebonyeza. Akasema mara ya kwanza tu, na mashine inabaki na nafasi kubwa. Nikaona anasema kweli: kompyuta ya nyumba ya wazazi, ambayo ndiyo mbovu kuliko zote, ilikuwa inajaa kabla hata mkunga hajaanza kazi. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza swali juu ya vile vipande viwili vinavyohitajiana. Tulikaa pale mpaka mavyaa alipotuma mtoto kusema chakula kimepoa.

Siku zilizobaki za likizo tuliifanya kazi hiyo pamoja. Tulichukua shina lake jipya, tukalitia kusema kwangu na mpangilio wangu, kisha yeye akaandika kipande kidogo cha kati kinachovifahamisha vipande vya zamani kwa shina jipya, ili Dawa na Risiti viendelee bila kuandikwa upya. Duka la Changamwe lilikubali, na kompyuta ya mkunga ikawa nyepesi hata yeye akatuombea dua. Likoni tulikwenda wote wawili. Daktari alitusikiliza mpaka mwisho.

"Hii niliyonayo ina kasoro?" akauliza.

"Haina," mume wangu akasema.

"Basi iacheni."

Tulikaa kidogo kwenye benchi la wagonjwa. Mume wangu alimtazama bwana wa maabara akifanya kazi, akiandika jibu, sista akilisoma chumba cha pili. Kwenye feri, tukiwa tumesimama karibu na mikokoteni ya mboga, akasema, "Kule nilikuwa na mashine nzuri mbele yangu. Nikawa naiandikia ile mashine."

Tulikubaliana siku ile kwamba hakuna atakayeligusa shina kabla ya kumwambia mwenzake kwa kaseti na kupata jibu. Mpango huo ulitufaa, ingawa kuna marekebisho madogo yaliyongoja kaseti mpaka mteja akasahau alichoomba. Na habari za vipande zikarudi mwisho wa upande wa pili, mavyaa akazisikiliza hadi alipofariki, mwaka mmoja kabla ya mwanawe kurudi kabisa.

Wakati huo programu za madirisha na kipanya zilikuwa zimeshaingia. Mume wangu alifungua karakana ya kompyuta barabara kuu, mimi nikapata kazi ya kufundisha. Duka la Changamwe liliuzwa, mkunga akazeeka. Zahanati ya Likoni ndiyo iliyokaa na programu yetu muda mrefu zaidi, mpaka kompyuta yenyewe ilipoliwa na chumvi. Daktari akanunua nyingine, na programu nyingine kutoka Nairobi. Hakuniita kunieleza, wala sikuona vibaya. Nilijua siku niliyompeleka mwanangu kupimwa damu, nikamkuta bwana wa maabara anatumia kipanya. Alisimama kunisalimia, akaniuliza habari za mzee, akamtoboa mtoto kidole. Majibu yalitoka kwenye printa kwa Kiingereza. Niliyasoma tukishuka kwenda kwenye feri. Hakuwa na malaria.